Nyota nne kwa king'ora, mbili kwa kusubiri

Naandika haya kama mteja. Najua tahadhari ya tsunami hainunuliwi dukani, lakini tarehe 30 Julai 2025 ilinihudumia tangu asubuhi hadi kesho yake jioni, na mtu aliyehudumiwa saa zote hizo ana haki ya kusema kahudumiwaje. Mimi hata fundi tairi akinichelewesha nusu saa huandika, sembuse hawa.

Nijieleze kidogo. Mimi mtu wa Tanga, riziki yangu iko Yokohama, kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Naingia uvunguni, natafuta kutu, nasikiliza injini, napiga picha, kisha gari linapanda meli kwenda Dar au Mombasa. Julai ile alikuja kunitembelea mjomba wangu, mdogo wake mama, mstaafu wa uwakala wa forodha aliyezeekea bandari ya Tanga. Siku ya kwanza akaniuliza bahari iko wapi. Nikampeleka bandari ya Yokohama, akatazama makontena na makreni, akasema, "Hii ofisi, mwanangu. Nimekuuliza bahari." Ndipo nikaomba ruhusa ya siku mbili kazini, tukaenda kulala mji mmoja wa ufukweni, kusini mwa mkoa wa Kanagawa. Jina la mji silitaji, wala la nyumba ya wageni tuliyofikia, maana mbele nitalalamika na sitaki kumwagia mtu mchanga kwenye ugali wake.

Tetemeko lilipiga saa 2:25 asubuhi kwa saa za Japani, baharini karibu na Kamchatka, mashariki kabisa ya Urusi. Hapa wenzangu wa nyumbani wajue jambo moja. Japani imewatangulia kwa saa sita, kwa hiyo saa ya ukutani ya huku ukiisoma kwa Kiswahili unapata namba zilezile zinazoonekana kwenye simu ya mama yako kule. Sisi tulikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, simu za Tanga zilikuwa zinaonyesha 02:25, usiku wa manane, watu wamelala. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye chaji.

Sisi hatukusikia kitu. Kutoka pale hadi Kamchatka ni zaidi ya kilomita 2,000. Mjomba alikuwa amesimama majini, suruali kaikunja hadi magotini, ndala zake kaziacha mchangani karibu na kibanda cha mbao kinachouza barafu ya sharubati. Bahari imetulia kama uji uliopoa. Jua tayari kali.

Saa 2:37 vipaza sauti vya manispaa vikaanza. Viko juu ya nguzo mji mzima, na siku za kawaida vinapiga muziki wa kuwaambia watoto warudi nyumbani jioni. Hapa ndipo lalamiko langu la kwanza. Nguzo ya ufukweni inasema neno, ya mtaani inalirudia nyuma kidogo, kilima nacho kinajibu, na maneno yote yanapandana kama adhana za misikiti mitatu ya mtaa mmoja. Naongea Kijapani kila siku na wauza magari, lakini nilichoshika pale ni "tsunami" na "bahari". Mjomba hakushika hata hayo. Alidhani ni mnada.

Kilichomtoa majini Mjomba ni bendera. Mlinzi wa ufukwe, kijana mwembamba mwenye kofia ya njano, alikuja mbio akipunga kitambaa kikubwa chenye miraba minne, miwili myekundu, miwili myeupe. Ile bendera imeanza kutumika Japani mwaka 2020, kwa ajili ya viziwi na kwa waogeleaji ambao upepo na mawimbi yamewaziba masikio. Mjomba akaitazama, akatoka majini bila kuulizwa, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

"Hiyo U," akaniambia.

"U gani, Mjomba?"

"Bendera ya U, ya meli. Ukiipandisha unamwambia mwenzako: unaielekea hatari. Miaka thelathini nimeziona bandarini, leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa mimi."

Na kweli waliounda bendera ya tsunami waliichukua ileile ya mabaharia, makusudi, ili mgeni wa nchi yoyote aliyewahi kukaa karibu na meli aielewe. Nyota tano, bila mjadala. Vipaza sauti vya mji mzima vilishindwa kumtoa mzee wa Tanga majini, kitambaa kikamtoa.

Sasa, Wajapani wana ngazi tatu za tahadhari. Ya chini, chuiho, ni pale maji yanapotarajiwa kupanda hadi mita moja: toka majini, achana na ufukwe. Ya kati, keiho, hadi mita tatu: panda mahali pa juu. Ya mwisho ni zaidi ya mita tatu, na hiyo muombe Mungu usikutane nayo. Saa 2:37 tulipewa ya chini. Na watu wakaitii kwa kiwango kilekile, hawakuongeza hata hatua. Tulitoka majini, tukasogea hadi kwenye ngazi za saruji zinazopanda barabarani, tukakaa. Tulikuwa kama watu mia hivi. Wengine walinunua barafu. Mimi mwenyewe nilinunua barafu, ya ladha ya embe, sioni haya kusema.

Saa ile moja ya kukaa kwenye ngazi ilinifundisha jinsi mtu anavyoongea na tahadhari. Anabishana nayo. Mjomba alianza na mwezi: "Bamvua imepita, mwezi una siku nne tano, tunaingia maji mafu. Siku ya maji mafu bahari haina nguvu ya kufika hapa." Nikamwambia tsunami haina habari na mwezi. Bamvua na maji mafu ni kazi ya mwezi na jua; hii ni sakafu ya bahari imeinuka na kubeba maji yote, kuanzia chini hadi juu, na maji hayo yakifika ufukweni hayavunjiki na kurudi kama wimbi la kusi, yanaendelea kuja kwa dakika nyingi. Akanisikiliza, kisha akaja na 2012.

Aprili 2012 Sumatra ilipigwa na tetemeko la 8.6, na tahadhari ikatolewa kwa Bahari ya Hindi nzima, hadi kwetu. "Tuliambiwa tuikimbie bahari, tukakimbia. Haikuja hata ndoo moja." Nami nilikuwa na jibu, kwa sababu mwaka ule lilinikera nikalisoma. Tetemeko lile lilitokana na miamba kuteleza kwa ubavu, huu ukienda huku na ule ukienda kule, hivyo sakafu ya bahari haikuinuka sana. Ukubwa unatangazwa ndani ya dakika chache. Namna miamba ilivyoteleza huchukua muda zaidi kujulikana. Ukisubiri ijulikane ndiyo ukimbie, kwa wanaokaa karibu na chanzo utakuwa umechelewa. Mjomba akasema, "Kwa hiyo mara nyingine tutakimbia bure." Nikasema ndiyo. Akanyamaza, lakini nilimwona hajaridhika. Nami, nikiwa mkweli, ningekuwa nimeridhika nisingekuwa nimekaa pale nalamba barafu.

Halafu ikafika saa 3:40.

Kama hujawahi kusikia simu mia zikilia kwa pamoja ule mlio, sijui nikueleze vipi. Si mlio wa simu. Unapanda kwa ukali, unakatika, unarudi, na unatoka hata kwenye simu iliyozimwa sauti. Huko juu walikuwa wamesahihisha hesabu. Mwanzoni Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Japani ilikadiria tetemeko kuwa 8.0, sasa ikawa 8.7 (Wamarekani walilikadiria kuwa 8.8, kati ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa). Tahadhari ikapandishwa kuwa keiho, mita tatu, pwani yote ya Pasifiki kuanzia Hokkaido hadi Wakayama. Watu waliotakiwa kuhama siku ile, kwa mikoa yote, walikuwa karibu milioni mbili.

Kwa mlio huu natoa nyota tano. Kwa lugha natoa tatu: Kijapani kipo, Kiingereza kipo, programu nyingine za simu zina hata Kinepali na Kimongolia. Kiswahili hakuna. Nimezoea.

Lakini ninachotaka mkione ni hiki. Simu zimelia, kila mtu kaisoma, hakuna aliyesimama. Nasema kweli. Watu mia, wote vichwa juu, kila mmoja anamtazama mwenzake usoni kuona yeye anafanyaje. Sijui ilikuwa sekunde kumi au ishirini. Baba mmoja mwenye watoto wawili alikuwa anafuta mchanga miguuni mwa mdogo, kwa utulivu, kidole kwa kidole, kama wanaotaka kupanda gari safi.

Aliyetunyanyua ni mama wa kibanda cha barafu. Bibi wa miaka kama sabini, aproni ya bluu. Akashusha pazia la kibanda, akafunga kofuli, akaning'iniza ufunguo shingoni, akaanza kupanda ngazi katikati yetu. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alipopita karibu na yule baba akamgusa bega akasema neno moja tu, tuseme "haya". Yule baba akambeba mdogo na mchanga wake. Wakainuka wanne, wakainuka ishirini, tukainuka wote. Mjomba akawa peku. Ndala zake zilikuwa chini kule karibu na maji, nikamshika mkono kabla hajazikumbuka vizuri.

Wajapani wanalijua hili kuliko mimi. Mwaka 2011, kwenye ile tsunami kubwa, kule Kamaishi mkoani Iwate, wanafunzi wa sekondari walianza kukimbia bila kungoja kuambiwa, wa shule ya msingi jirani wakawaona wakawafuata, na wazee wa mtaa wakawaona watoto wakawafuata wao. Wanafunzi karibu 3,000 wa mji ule walipona. Kwenye miji mingine ya pwani ileile mambo yalikwenda vibaya, na sehemu ya sababu ni namba. Dakika tatu baada ya tetemeko, Iwate iliambiwa itegemee mita tatu. Mtu mwenye ukuta wa mita kumi mbele ya nyumba yake, kama wale wa Taro, hukohuko Iwate, akisikia mita tatu anafanya nini? Baadaye makadirio yalipandishwa hadi zaidi ya mita kumi, lakini umeme ulikuwa umekatika na wengi hawakuyasikia. Tangu 2013 utaratibu umebadilishwa: tetemeko likiwa kubwa mno na vipimo havijatulia, tangazo la kwanza halitoi mita, linasema tu kwamba ni kubwa kupindukia. Mteja alilalamika, huduma ikarekebishwa. Ila mteja alilipa bei ambayo siwezi kuiandikia nyota.

Tukapanda. Kwenye nguzo za umeme za miji ya pwani ya huku kuna vibao vya bluu vinavyosema hapo ulipo ni mita ngapi juu ya bahari. Mjomba hajui Kijapani lakini namba anazijua, akawa anazisoma kwa sauti kama kondakta anayetaja vituo: "Tatu nukta mbili... Tano... Tano bado... Tisa... Kumi na nne, alhamdulillahi." Lami ilikuwa ya moto, naye peku. Nilimpa soksi zangu. Siku ileile Tamba, mkoani Hyogo, ilipima nyuzi 41.2, rekodi ya nchi nzima kwa wakati huo. Kwetu hapakufikia hapo lakini palikuwa na jua la kukausha papa.

Barabara kuu magari yalikuwa yamesimama. Maelekezo yanasema nenda kwa miguu, na wengi walikwenda kwa miguu, ila kila mtu ana mama mzee au mizigo. Jioni tulisikia kuwa mwanamke mmoja wa mkoa wa Mie alifariki, gari lake lilianguka gengeni akiwa anahama. Tsunami yenyewe haikuua mtu Japani siku ile.

Shule ya msingi iliyoko kilimani ilifungua ukumbi wake wa michezo. Nyota nne. Walimu walikuwa likizo lakini watatu walifika na funguo. Feni mbili kubwa, maji chupa moja kwa kila mtu, mikeka ya mazoezi kwa wazee. Mjomba akapewa mkeka wa kijani na slipa za wageni zenye picha ya sungura, ndogo kwake kwa nusu kisigino. Kwenye televisheni ya ukutani maandishi makubwa, herufi za watoto wa darasa la kwanza ili kila mtu aweze kusoma: Tsunami! Kimbia! Tangu 2011 watangazaji wao wameacha ile sauti ya upole. Sasa wanakemea. Mjomba akasema, "Huyu dada amekasirika." Nikamwambia amefundishwa kukasirika.

Mpaka hapo, saa nne na robo hivi asubuhi, ningeondoka ningeandika nyota tano na kulala. Tatizo la huduma hii linaanza baada ya hapo.

Saa nne na nusu hivi televisheni ikaanza kusoma vipimo vya kwanza. Nemuro, Hokkaido: sentimita 30. Mahali pengine 40. Pengine 20. Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka, na sikucheka kwa dharau, ni pumzi tu ilikuwa imebanwa muda mrefu. Mtu kaambiwa mita tatu, kaacha viatu, kapanda kilima na jua, kisha anasomewa namba inayolingana na rula ya mtoto wa shule. Kijana mmoja akapima kwa mikono yake mbele ya mpenzi wake, hivi, akainua begi. Wakashuka. Nusu saa baadaye ukumbi ulikuwa na nafasi za kutosha kucheza mpira.

Sentimita 30 ya wimbi la kawaida inalowesha viatu. Sentimita 30 ya tsunami ni mto unaokusukuma magotini na hauachi, na inaweza kumwangusha mtu mzima. Hilo halikusemwa kwa sauti ya kutosha. Ilisomwa namba, ikafuata namba nyingine.

Nikaenda nje kupiga simu nyumba ya wageni kuuliza mabegi yetu. Mhudumu, kijana mchangamfu, akaniambia kila kitu kiko sawa, turudi tu, "ni sentimita tu". Nyumba yenyewe iko hatua mia na hamsini kutoka majini. Akaongeza kwamba muda wa kutoka chumbani ulikuwa saa nne, ila hawatatutoza kuchelewa. Nilimshukuru. Nyota moja, na hiyo ni ya kutotutoza.

Sababu yangu ya kutoshuka ni Hilo, mji wa Hawaii. Mei 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Hilo walikuwa na saa nyingi za kujiandaa. Ving'ora vililia jioni, watu wengi wakavisikia. Wengine wakabaki nyumbani kusubiri neno jingine, wengine waliondoka wakarudi, wengine walikwenda ufukweni kutazama. Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo. Lililoua lilifika baada ya saa saba usiku. Walikufa watu 61. King'ora chao kilifanya kazi vizuri kabisa.

Nilipomsimulia Mjomba akakaa kimya, kisha naye akaanza yake. Desemba 26, 2004, Jumapili. Tetemeko la Sumatra lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, na maji yakachukua saa na saa kuvuka bahari hadi kwetu. Alikuwa bandarini. Aliona maji yanakupwa saa isiyo ya kupwa, yakarudi, yakakupwa tena. "Tulisimama tukatazama," akasema. "Hakuna aliyesema kitu kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina la kitu kile." Tanzania ilipoteza zaidi ya watu kumi siku ile, Somalia karibu 300. Kenya alikufa mmoja. Wakenya walikuwa wamepata habari za Asia kwenye redio na televisheni, na askari wakatumwa fukwe za Mombasa kuwatoa watu majini. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari wakati ule. Askari mwenye kirungu akikuambia toka, unatoka.

Adhuhuri Mjomba akauliza kibla. Tanga tunaelekea kaskazini, huku ni magharibi, akanitazama kama nimemdanganya. Akatawadha kwa kikombe kimoja cha maji, kidogo kidogo, kama anayepaka mafuta, akasali kasri kwenye kona yenye ngazi za mazoezi. Mtoto mmoja alikaa kumtazama hadi salamu ya mwisho, akampa pipi.

Na hapo ndipo Tanga ikaamka. Saa saba mchana kwetu, saa moja asubuhi kwao. Simu yangu ilianza kutetemeka na haikuacha. Dada, shangazi, binamu wa Muscat, kundi la familia, kundi la shule, kundi la harusi ambayo imekwisha tangu mwaka jana. Kila mmoja kaniletea video, na karibu zote zilikuwa za 2011: nyumba zinaelea, magari yanagongana kama sahani kwenye beseni. "Mko hai?" Nimejibu "tuko salama, hizo za zamani" hadi kidole kikachoka. Saa nane kasoro chaji ilikuwa asilimia 11, na ukumbi wote ulikuwa na soketi nne, zimeshikwa na feni mbili, birika na mashine ya oksijeni ya mzee mmoja. Kwa hiyo simu ileile iliyoniokoa saa 3:40 ilikuwa inakufa wakati ule ambao nilikuwa naihitaji inizuie.

Maana sikilizeni: saa 7:52 mchana, bandari ya Kuji, Iwate, kipimo kilisoma mita 1.3. Kubwa kuliko vyote vya siku ile Japani. Saa tano na nusu baada ya tetemeko. Saa tatu na zaidi baada ya zile za kwanza zilizochekwa. Ukumbini tulikuwa tumebaki kumi na saba, nilihesabu. Akiwemo mama wa kibanda, ambaye alikuwa anasuka kitu kwa uzi wa bluu na hakuwa ameitazama televisheni hata mara moja.

Kwa hiyo nyota mbili kwa kusubiri. Wenye huduma hii wameiweka akili yao yote kwenye dakika kumi za mwanzo, na pale hawana mpinzani. Lakini tangazo la saa 3:40 lingeweza kuniambia jambo moja la ziada: utakaa huko hadi usiku, chukua maji, kofia, dawa, waya wa chaji. Ningebishana nalo, sawa, ila ningechukua waya. Na zile sentimita za mwanzo zisisomwe peke yake kama matokeo ya mpira. Zisomwe pamoja na neno "bado".

Jioni keiho ilishushwa kuwa chuiho. Tukarudi nyumba ya wageni gizani, kavu kabisa, yule kijana akatupokea kwa chai baridi na tabasamu la mtu aliyekuwa sahihi. Sikumwambia kitu. Tulilipa usiku wa pili, na nikapiga simu kazini kuongeza siku.

Tahadhari yote iliondolewa kesho yake, Julai 31, saa kumi na nusu jioni. Vipaza sauti vikatangaza, nguzo moja baada ya nyingine, na safari hii hata Mjomba alielewa kwa sababu watoto walishangilia. Tukashuka ufukweni, yeye bado na slipa za sungura. Kibanda kilikuwa kimefunguliwa. Mbele yake, juu ya ubao uliowekwa mchangani, mama wa aproni alikuwa amepanga viatu vyote vilivyoachwa jana: jozi kumi na kitu, vimekung'utwa mchanga, vikitazama barabara ili mwenyewe apitishe mguu tu aondoke. Ndala za Mjomba zilikuwa za tatu kutoka kushoto. Akazivaa, akatia slipa za sungura kwenye mfuko, akaniuliza kwa Kijapani wanasemaje mtu akitaka kurudisha kitu cha shule.

Barafu ya embe, yen 500. Nyota tano.